Maumivu ya kisu kwa mgonjwa wa methadoni: mwongozo kamili tangu kupanga upasuaji hadi arudi dirishani

Saa nane za usiku, siku ile ile ya upasuaji. Kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda ametiwa chuma kwenye mfupa wa muundi asubuhi, na sasa analia hadi wodi nzima imekaa macho. Nafungua chati. Kuna parasetamoli, na chini yake mstari mmoja: "methadoni mg 80, amekunywa saa 1 asubuhi." Namuuliza sista wa zamu kapewa nini kingine cha maumivu.

"Si anakunywa methadoni, daktari? Hiyo si kali kuliko mofini?"

Sikumlaumu. Miaka michache nyuma na mimi ningejibu hivyo hivyo. Mwongozo huu ni kwa ajili yake na kwa wenzetu wa wodini, thieta na kliniki za methadoni, lakini hata wewe unayejiandaa kupasuliwa, au ndugu atakayekuuguza, utapata cha kuwauliza madaktari wako. Dozi zote zilizotajwa ni za watu wazima. Mtoto, mzee sana, na mwenye ini au figo mbovu wana hesabu yao.

Madeni mawili

Mgonjwa huyu anadaiwa mara mbili. Deni la kwanza ni la arosto: mwili uliozoea heroini unadai dawa ya jamii ile kila siku, na methadoni, dawa ya kunywa ya jamii hiyo hiyo anayopewa kliniki, ndiyo inayolilipa. Deni la pili ni la kisu. Dozi ya asubuhi hulipa la kwanza tu.

Sababu iko kwenye saa. Dozi moja ya methadoni huzuia arosto kwa saa 24 hadi 36, ndiyo maana mtu anapanga foleni dirishani mara moja kwa siku. Lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu hukaa saa 4 hadi 8 tu. Dozi ya saa 1 asubuhi, ikifika saa nane za usiku, inazuia miayo na kuhara, haizuii kidonda. Juu ya hapo, mwili wake umezoea dawa hizi, kwa hiyo mofini ya kawaida inampita kama maji. Na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya afyuni huongeza hisia za maumivu zenyewe: kinachomuuma jirani yake kidogo, yeye kinamuuma kweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 uliwaangalia akina mama wa methadoni waliojifungua kwa upasuaji, ukakuta walihitaji dawa za jamii ya mofini kwa takriban asilimia 70 zaidi ya wenzao.

Hofu ya wengi ni kwamba tukimpa mofini tutamrudisha kwenye unga. Naielewa, ila nimeona upande wa pili: mtu aliyeachwa na maumivu anatoroka wodini na kanula mkononi kwenda kutafuta anachokijua. Wote tunajua kijiwe kiko wapi.

Hatua ya 1: Jua anatumia nini, kiasi gani, na lini mara ya mwisho

Uliza faraghani, bila ndugu pembeni, na usitumie neno "teja". Wengi wameshafukuzwa nyumbani au kudhalilishwa hospitalini, na akihisi dharau atakuficha. Swali langu ni jepesi: "Kuna dawa unakunywa kila siku kliniki? Nataka nisikukatishe."

Akisema methadoni, piga simu kliniki yake. Kwa Tanzania huduma ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Mikoa mingine imeongezeka. Kenya ilianza Mathari jijini Nairobi, kisha ikafika pwani, Malindi ikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Kliniki hizi zina daftari la kila siku, kwa hiyo wauguzi wake wanaweza kukupa mambo haya kwa dakika tano:

- dozi ya sasa kwa miligramu, na imebadilishwa lini;
- siku na saa aliyokunywa mara ya mwisho mbele yao;
- siku alizokosa wiki iliyopita;
- kama anapewa dozi za nyumbani, na ngapi ziko mkononi mwake sasa;
- dawa nyingine: za VVU, TB, kifafa, fangasi;
- kama amewahi kupimwa umeme wa moyo.

Hilo la dawa nyingine lisikupite. Rifampisini ya TB inaiunguza methadoni haraka, vivyo hivyo efavirenzi, nevirapini, fenitoini na kabamazepini. Mgonjwa aliyeanza dawa za TB wiki mbili zilizopita anaweza kuwa kwenye arosto ya nusu huku kadi yake ikisomeka vizuri. Flukonazoli na siprofloksasini hufanya kinyume: zinaipandisha. Nayo methadoni hurefusha kipindi cha QT, yaani muda ambao moyo hujiandaa upya kwa pigo lijalo, kwa hiyo mwenye dozi kubwa apimwe umeme wa moyo kabla ya thieta, na ukiona QT imepita milisekunde 500 ita daktari wa moyo au wa usingizi mwenye uzoefu. Kumbuka pia kwamba ondansetroni tunayoichoma kwa kichefuchefu inasukuma upande huo huo.

Ikiwa ni usiku, ni dharura, na kliniki hawapokei simu, usimpe dozi nzima kwa maneno yake tu. Si kwamba anadanganya. Huenda alikosa siku nne na hajui kwamba mwili wake umeshapoteza uzoefu. Ukiona dalili za arosto na yuko macho kabisa, mpe kidogo, miligramu 20 hadi 30, mwangalie, kisha thibitisha asubuhi. Maumivu yake yatibu kwa njia nyingine wakati unasubiri.

Hatua ya 2: Asubuhi ya upasuaji, methadoni inywewe

Agizo la "asile wala asinywe chochote" limewakosesha wengi dozi. Methadoni yetu ni ya maji. Mafunda mawili hayaharibu usingizi wa mtu. Anywe dozi yake ya kawaida asubuhi ile, muda ule ule aliouzoea.

Tatizo la kweli ni nani ataileta. Mgonjwa amelazwa, dirisha liko ng'ambo ya mji, na dawa yenyewe ni ya kudhibitiwa, haibebwi na shangazi kwenye mkoba. Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Siku mbili kabla ya upasuaji mkutanishe kwa simu mfamasia wa hospitali yako na inchaji wa kliniki, wakubaliane: nani anachukua, anasaini wapi, inafungiwa kabati gani, na nani anasimama kitandani mgonjwa akinywa. Ijumaa isikukute hamjaelewana.

Akishindwa kumeza baada ya upasuaji lakini tumbo linafanya kazi, methadoni hupita kwenye mpira wa puani. Tumbo likiwa halifanyi kazi, mfunike na mofini ya sindano kwa saa zilizopangwa hadi aweze kumeza. Hesabu siku. Zikifika 3 au zaidi bila methadoni, usirudishe dozi nzima kana kwamba hakuna kilichotokea. Uliza kliniki ianzie wapi. Watu hufa kwenye hatua hii, tena baada ya upasuaji uliokwenda vizuri.

Kwa wanaotumia buprenofini, dawa nyingine ya kuzuia arosto, ambayo ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani huitumia sana: zamani tulifundishwa kuiacha siku kadhaa kabla ya kisu. Ushauri huo umebadilika. Sasa anaendelea nayo, na dozi ya siku inaweza kugawanywa mara tatu au nne ili isaidie maumivu. Ukihitaji mofini au fentanili juu yake, tegemea kuongeza zaidi ya kawaida, kwa kuwa buprenofini imeshika kwa nguvu vipokezi, yaani milango ambayo mofini hupitia mwilini.

Naltreksoni, dawa ya kumsaidia aliyeacha asirudie, ni habari tofauti kabisa, kwa sababu inaziba mlango ambao mofini hupitia. Vidonge viachwe siku 3 kabla, na upasuaji usio wa haraka usubiri takriban wiki 4 baada ya sindano ya mwezi. Ikiwa ni dharura, tegemea ganzi na ketamini, na umlaze anapoangaliwa kwa karibu. Kizuizi kikiisha, mtu huyu ni mwepesi kuzidiwa na mofini kuliko ulivyomdhania.

Hatua ya 3: Thieta, tumia ganzi kadiri uwezavyo

Kila maumivu unayoyazima kwa ganzi ni mofini ambayo hutaihitaji usiku. Ganzi ya mgongoni kwa mguu, nyonga na tumbo la chini. Kuziba neva ya bega au ya paja kwa aliyefundishwa. Na kama hayo yote hayapo, daktari wa upasuaji achome ganzi kwenye kingo za kidonda kabla ya kushona: bupivakaini isizidi miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Ni dakika mbili za kazi, na bado inasahaulika.

Kisha kuna ketamini. Hospitali nyingi za wilaya zinayo, na wengi tunaifahamu kwa dozi kubwa ya kulaza mtu. Kwa maumivu inatumika kidogo sana: miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, polepole mshipani. Mtu wa kilo 60 anapata kama miligramu 15. Inapunguza ile hali ya mwili kuhisi maumivu kupita kiasi, na haipiti kwenye mlango wa mofini, kwa hiyo hata mtu wa buprenofini au naltreksoni inamfaa. Mwambie mapema kwamba anaweza kuona mambo ya ajabu ajabu kwa muda mfupi. Asiyeambiwa huogopa, na aliyewahi kuzidiwa na dawa mtaani huogopa mara mbili. Deksamethasoni ya miligramu 8 mwanzoni mwa upasuaji nayo husaidia maumivu na kichefuchefu, mradi sukari yake haijapanda.

Neno moja la mishipa. Aliyejidunga kwa miaka hana mshipa wa mkononi wa kukupa. Usimchome mara kumi na mbili. Muulize yeye, anajua uliobaki uko wapi kuliko sisi. La sivyo tafuta wa shingoni mapema, akiwa ametulia.

Hatua ya 4: Wodini, andika kwa saa, si "akiomba"

Mgonjwa wa kawaida akiomba dawa anaitwa mgonjwa. Huyu akiomba anaambiwa ameanza tabia zake. Mwondolee ulazima wa kuomba.

Msingi ni parasetamoli gramu 1 kila saa 6, iwe inauma au haiumi. Punguza kwa mwenye chini ya kilo 50 au mwenye ini bovu, na kumbuka homa ya ini C ni ya kawaida kwa waliowahi kujidunga. Ongeza ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8, au diklofenaki, kama hana vidonda vya tumbo, figo ziko sawa na havuji damu. Anayetumia tenofovia, dawa ya VVU, pima figo kwanza.

Juu ya msingi huo ndipo mofini inakaa, pamoja na methadoni yake, si badala yake. Akiwa na maumivu makali, mpe ya mshipani miligramu 2 hadi 3 kila baada ya dakika 5 hadi 10, wewe ukiwa umesimama hapo, ukihesabu pumzi, hadi alama yake ya maumivu ishuke. Jumla inaweza kukushangaza. Usiangalie namba uliyozoea, mwangalie mtu. Akitulia, mhamishie kwenye mofini ya kunywa kila saa 4, na dozi ya akiba ya katikati. Hospitali yako ikiwa na huduma ya wagonjwa wa saratani, mofini ya maji ipo. Wafuate, hao wanaijua dawa hii kuliko thieta nzima.

Njia nyingine, ambayo naipenda kwa upasuaji mkubwa, ni kugawa methadoni yenyewe: jumla ile ile ya siku, mara tatu, kila saa 8. Wa miligramu 90 anakunywa 30 mara tatu. Arosto imezuiwa vile vile, na sehemu ya maumivu imelipwa. Fanya kwa kukubaliana na kliniki, na mrudishe kwenye mara moja kabla ya kumruhusu.

Dawa hizi zisimfikie:

- Pentazosini na nalbufini. Zinagombania kipokezi na methadoni na kumtumbukiza kwenye arosto kali ndani ya dakika chache. Kosa hili linafanyika kwa nia njema, kwa sababu pentazosini ndiyo iliyopo kabatini.
- Pethidini. Mabaki yake hujikusanya mwilini na kuleta degedege, hasa ukirudia dozi ili kumfikia mtu aliyezoea.
- Tramadoli. Nguvu ndogo, degedege juu, na mtaani inatumika vibaya.
- Diazepamu na promethazini "ili alale". Pamoja na methadoni na mofini, anaweza kulala moja kwa moja.

Hatua ya 5: Tofautisha arosto, maumivu na hatari

Hapa panahitaji macho. Arosto huonekana: miayo mfululizo, makamasi na machozi, vinyweleo vimesimama, mboni za macho zimetanuka, jasho, tumbo kukata na kuhara. Miguu haitulii. Maumivu ya kisu yana mahali pake, na yanazidi akijigeuza au kukohoa. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, na mara nyingi anakuwa nayo ikiwa dozi ilichelewa.

Muulize maumivu ni ngapi kati ya 10, na uamini anachokujibu, kisha muulize kilicho cha maana zaidi: anaweza kukohoa? Kukaa? Kusogeza mguu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na kuna jambo linalonitisha kuliko yote. Mtu wa muundi uliovunjika ambaye maumivu yanapanda badala ya kushuka, dawa haimgusi, na shavu la mguu limekaza kama ubao, huenda misuli yake inakufa kwa kubanwa na uvimbe na damu iliyovujia ndani ya mguu. Anahitaji kupasuliwa tena usiku huo huo kuachia shinikizo. Akiwa ni mtu wa methadoni, jibu la haraka la wodi ni "anataka dawa", na saa zinapita. Yule kijana wa bodaboda, kabla sijagusa mofini, nilifunua shuka, nikaliminya shavu la mguu: laini. Nikavuta kidole gumba cha mguu kuelekea juu: aliguna lakini hakuruka. Vidole vilikuwa na joto. Ndipo nikaanza, miligramu 3, nikasubiri, 3 tena. Ilinichukua kama dakika arobaini kumtoa 9 hadi 4. Alilala mdomo wazi, na sista na mimi tukabaki tunahesabu pumzi zake.

Kwa sababu upande wa pili nao upo. Usingizi mzito hutangulia pumzi kupungua, kwa hiyo usisubiri namba ya oksijeni ishuke. Mwamshe kila saa usiku wa kwanza. Anayefungua macho na kukujibu yuko salama. Anayesinzia katikati ya sentensi, dozi inayofuata isubiri. Pumzi zikiwa chini ya 10 kwa dakika, mpe oksijeni na msaada. Chini ya 8, au haamki, ni naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini na methadoni, lakini kidogo kidogo: miligramu 0.04 hadi 0.1 mshipani, rudia kila dakika 2 au 3 hadi apumue vizuri. Ukimpiga ampuli nzima utamwamsha kwenye arosto na maumivu kwa pamoja. Na usimwache baada ya hapo. Naloksoni huisha ndani ya saa moja au mbili, methadoni bado ipo.

Akina mama wa upasuaji wa kujifungua

Kanuni ni zile zile: methadoni haikatishwi, ganzi ya mgongoni, parasetamoli na ibuprofeni kwa saa, mofini ya ziada akihitaji. Mtoto aangaliwe siku kadhaa kwa dalili zake za arosto, kulia kwa sauti kali, kutetemeka, kunyonya vibaya. Kunyonyesha kunaruhusiwa, tena humsaidia mtoto, mradi mama ametulia kwenye dawa na hana sababu nyingine ya kumzuia kama maambukizi yasiyodhibitiwa.

Hatua ya 6: Kumruhusu na kumrudisha dirishani

Panga hili siku ya pili, si asubuhi ya kuondoka. Mofini ya nyumbani iwe ya siku chache, 3 hadi 5 kwa upasuaji mwingi, ikishuka kila siku, na ikiwezekana itolewe dirishani pamoja na methadoni, au ishikwe na ndugu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Usimchagulie. Ongeza bisakodili au sena, maana choo kitafunga.

Uliza pia atafikaje. Mtu mwenye magongo mawili hawezi kupanda daladala tatu kila asubuhi kwenda kunywa dawa, na akikosa siku mbili tumerudi mwanzo. Iombe kliniki dozi za nyumbani kwa wiki za kwanza, au bajaji ya uhakika, au utaratibu wowote walio nao.

Barua iwe fupi na iwe na namba: jina la upasuaji, dozi ya methadoni kwa miligramu, tarehe na saa ya dozi ya mwisho hospitalini, kama iligawanywa na ilirudishwa lini, mofini aliyopewa na vidonge au mililita ngapi, siku ya kutoa nyuzi, na namba ya simu ya wodi ambayo mtu huipokea. Kisha piga simu kabla hajatoka getini. Yule kijana tulimwandikia barua hiyo, akaikunja mara nne akaiweka ndani ya kava la simu yake. Kesho yake asubuhi inchaji wa kliniki alinipigia. Amefika kwa bajaji, magongo yote mawili, na anauliza kama dozi ni ile ile.